Hati, Faili na Kushiriki: Historia Fupi ya Istilahi za Nyaraka

Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha kwamba istilahi za programu za kutunzia nyaraka na kufanyia kazi kwa pamoja hazikuzaliwa na kompyuta. Zina historia, na historia hiyo huamua jinsi zinavyoeleweka. Mfano wetu ni Kibuyuni, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani karibu na Shimoni, katika eneo la Chichifundi, lahaja ambayo H. E. Lambert alichapisha uchunguzi wake mwaka 1958.

Tuanze na hati. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mwandiko. Katika pwani ya Kenya neno hili lilipata uzito mwingine chini ya utawala wa Waingereza. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka wenye kudai ardhi ya ukanda wa pwani wathibitishe madai yao. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Tangu hapo mwenye hati ndiye mwenye shamba, na asiyekuwa nayo huitwa skwota, hata kama makaburi ya wazee wake yamo humo. Leo programu huita hati andiko lolote, hata rasimu isiyotiwa saini.

Faili nalo limegeuka. Ofisini, faili au jalada ni kile kibebacho karatasi nyingi. Katika kompyuta faili ni andiko moja, na kibebacho chaitwa folda. Chombo kimekuwa kilichomo. Karani wa zamani akiambiwa afute faili, ana haki ya kusita.

La tatu ni kushiriki, yaani kuwa na sehemu katika jambo. Ampaye mwenzake andiko alisahihishe humshirikisha. Hivyo agizo “shiriki hati” laweza kueleweka Kibuyuni kuwa ni kuingia katika umiliki wa ardhi.

Mwaka 2004 Jambo OpenOffice, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilithibitisha kwamba Kiswahili chaweza kuibeba kompyuta. Lililobaki ni kuchagua kwa uangalifu. Twapendekeza andiko kwa maandishi ya kawaida, jalada kwa kibebacho, na shirikisha kwa kitendo. Hati iachiwe kile kinachothibitisha haki. Mwundaji wa istilahi hana budi kuwauliza kwanza wale ambao neno limekwisha kuwagharimu.