Mchapuko wa elektroni katika aurora
Mchapuko wa elektroni katika aurora ni hatua inayozipa elektroni nishati ya kutosha kuwasha mwanga wa aurora karibu na ncha za Dunia. Wengi hudhani chembe za upepo wa Jua hushuka moja kwa moja na kung'aa. Sivyo, kwa kawaida elektroni zake ni dhaifu mno. Huchapuzwa kilomita elfu kadhaa juu ya ardhi, ama kwa tofauti ya volti elfu kadhaa kwenye mistari ya ugasumaku, ama kwa mawimbi yaliyotabiriwa na Msweden Hannes Alfvén mwaka 1942. Elektroni yenye kasi inayokaribia ile ya wimbi husukumwa nalo, kama ubao juu ya wimbi la bahari. Mwaka 2021 wanafizikia wa Marekani walitangaza kuupima msukumo huo maabarani. Zikifika kilomita 100 hivi juu ya ardhi, elektroni hugonga oksijeni, nayo hutoa rangi ya kijani.