Kufeli breki

"Lori lilifeli breki," magazeti yetu huandika mara kwa mara baada ya ajali ya mteremkoni. Pengine ni kweli: breki zikipata moto mno, nguvu zake hupungua. Lakini kazi ya breki ni kushika gurudumu; kinacholisimamisha gari ni msuguano wa tairi na lami, nao una kikomo. Kikivukwa, gurudumu hugoma kuzunguka, tairi likaserereka, usukani usitii. Kwenye lami kavu, gari dogo linalokwenda kilomita 80 kwa saa huhitaji kama mita 35 kusimama tangu breki zishike. Likienda 40, mita 9 tu. Mvua inyeshe, tairi liwe kipara, hata breki nzima hazitoshi. Ajali ya namna hiyo nawaomba waandishi waiandike hivi: tairi liliteleza.