Granito ya Ibanda na mikono iliyoisugua

Ukiingia katika jikoni la nyumba ya zamani kule Muhumba au Nyawera, tazama chini ya masufuria na mabidoni ya maji. Mara nyingi utakuta meza iliyojengwa pamoja na ukuta, yenye madoadoa meupe, meusi na mekundu. Sisi tunaiita granito, jina tulilolipokea kwa Wabelgiji. Watu wengi hufikiri ni jiwe lililokatwa mlimani. Kumbe ni sima tu, iliyochanganywa na vipande vidogo vya marumaru, kisha ikasuguliwa mpaka ikang'aa.

Tukumbuke kwanza mji wenyewe ulivyokuwa. Kuanzia 1927 mpaka miaka ya 1950 uliitwa Costermansville. Ibanda, upande wa ziwa, ilikuwa makao ya Wazungu. Waafrika waliwekwa Kadutu, na baadaye Bagira pia. Fundi alishuka asubuhi, akasugua meza ya jikoni siku nzima, na jioni akapanda kurudi kwake. Katika nyumba ile hakuwa na haki ya kulala. Picha za wakati ule zinaonyesha majengo na wenyewe wakiwa wamesimama barazani. Masoni hatumuoni.

Na kazi yake haikuwa ndogo. Sima na marumaru vilimwagwa juu ya nyavu za chuma, vikashindiliwa, vikaachwa siku kadhaa vikauke vizuri. Hapo meza bado ni mbaya kuangalia, ya kijivu tupu, marumaru yote yamejificha. Ndipo fundi alichukua jiwe la kusugulia, lile kali kwanza, akawa anasugua huku anamwagia maji. Bila maji vumbi linaruka na jiwe linachora mistari. Uji wa kijivu ulishuka mpaka miguuni, na taratibu madoa yalianza kutokea. Vitundu vilivyobaki vilizibwa kwa sima laini, wakangoja tena, wakarudi na jiwe laini, halafu na lingine laini zaidi. Mwishoni ndipo nta ilipakwa na kufutwa kwa kitambaa. Kwa sakafu ilikuwepo mashine, lakini ukingo wa meza na pembe za lavabo zilitaka mkono.

Kwa hiyo kung'aa kwa granito si rangi iliyopakwa juu. Ni meza yenyewe. Ndiyo maana ikipoteza uso inaweza kusuguliwa upya, hata baada ya miaka 60. Katika uporaji wa 1996 na ule wa 2004 tuliona nyumba zikibaki bila mlango wala dirisha. Meza ya granito ilibaki mahali pake, juu haibebeki.

Adui yake ni mwingine, na tunamwingiza sisi wenyewe. Ni ndimu. Unakamua ndimu kwa sambaza, matone yanaanguka mezani, kesho unaona alama nyeupe isiyong'aa. Mama wa nyumba anafikiri ni uchafu, anamwaga asidi ya kusafishia choo, na hapo ndipo anamaliza meza kabisa. Asidi inakula sima na marumaru pamoja. Ile alama si uchafu, ni kidonda. Dawa yake ni jiwe laini na maji, halafu nta.

Lakini nani atasugua? Vijana wanaojifunza umasoni leo wanajua kupiga karo, na wanaipiga vizuri, hatuwalaumu. Karo inamalizika kwa siku mbili, na mwenye nyumba anaona kitu kipya. Kazi ya granito inataka wiki nzima na mabega, tena malipo yake hayaonekani kuwa ya haki. Wazee walioijua hawakuiandika popote, na sisi walimu hatukuwauliza walipokuwa wengi.

Kuna jambo moja ambalo wenye nyumba hawaambiwi. Ili karo ishike juu ya granito, masoni anaigonga kwanza kwa nyundo na patasi, meza nzima, mpaka iwe na makovu ya kushikia sima. Tuliisikia sauti hiyo hivi karibuni katika nyumba moja ya Nguba, kuanzia asubuhi mpaka saa sita. Tulipoingia jikoni, vipande vya marumaru vilikuwa vimejaa ndani ya lavabo.