Steringi wa Mwadui

Vibanda umiza, vile vya kuonyeshea filamu mitaani, vina kanuni yake: steringi hafi. Sinema za noir, zile za uhalifu zilizotoka Hollywood miaka ya 1940, zinaivunja bila haya. Katika Double Indemnity ya 1944, steringi mwenyewe ndiye muuaji, na anatusimulia kisa akiwa na risasi mwilini. Mbona bado tunamwonea huruma?

Nikaanza kutafuta noir yenye vumbi la Shinyanga. Rope of Sand, ya 1949, ilinipa matumaini: almasi, kampuni, ulinzi mkali, na mtu anayejua jiwe lilipo lakini hasemi hata akipigwa. Kumbe kisa chenyewe ni cha Namibia ya leo, na jangwa lake lilipigwa picha Arizona. Njia ikafungwa. Je, Mwadui, mgodi wa almasi wa Shinyanga, haikuwa na kisa cha kutosha?

Kumbukumbu zinasema John Williamson, mjiolojia wa Kanada, aligundua almasi hapa mwaka 1940. Wengine husimulia kwamba alikuwa peke yake, chini ya mbuyu. Wengine wanampa sifa msaidizi wake Mwafrika. Simulizi ya kwanza inapendeza mno, na ndiyo maana naitilia shaka. Mtafiti wa madini kwa kawaida hachekechi changarawe peke yake. Basi jicho la kwanza lilikuwa la nani?

Mwaka 1947 lilipatikana jiwe la waridi la karati 54.5. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth kama zawadi ya harusi. Lilipochongwa zikabaki karati 23.6. Kwenye noir, jiwe kama hilo lingeua watu watatu kabla ya nusu ya filamu. Williamson alilitoa bure, ilhali alivutana na wafanyabiashara wakubwa wa almasi kuhusu mauzo. Hakuoa. Alijenga mji mzima ndani ya uzio, akafia humohumo Januari 1958, akiwa na miaka 50. Mkarimu, mkaidi, au mpweke tu mwenye pesa?

Kwangu mimi, utamu wa noir uko hapo: steringi na adui wanaishi ndani ya shati moja. Lakini kamera ningemwelekezea yule msaidizi. Ameshaliona jiwe kwenye chekeche, bosi yuko mbali, na bado hajaita mtu. Sasa afanye nini?