Tengeru: Kijiji cha Wapoland kilichobaki makaburi, na somo kwa majengo ya kale Simiyu

Wengi tunapita Tengeru kwenye barabara ya Arusha–Moshi tukiwaza soko la ndizi tu. Ila miaka 80 iliyopita hapo palikuwa na kijiji kizima cha Wapoland.

Walifikaje huku?

Mwaka 1940 utawala wa Kisovieti uliwakamata raia wengi wa mashariki mwa Poland na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Walipoachiwa, maelfu walitoka kupitia Iran. Wanaume wengi waliingia jeshini. Wanawake na watoto wakatafutiwa hifadhi kwenye makoloni ya Uingereza, Tanganyika ikiwemo.

Kuanzia 1942 walipokelewa Tengeru, na idadi yao ilifika takriban 5,000. Ndiyo iliyokuwa kambi yao kubwa zaidi Afrika. Nyingine zilikuwa Kondoa, Ifunda, Kidugala, Morogoro na Kigoma.

Walijenga nini?

Waliishi kwenye vijumba vya duara vyenye paa la nyasi, vimepangwa kwa mistari. Walikuwa na shule, hospitali, mashamba, kanisa Katoliki, kanisa la Orthodox na sinagogi.

Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wengi walihamia Uingereza, Kanada na Australia.

Nini kimebaki?

- Tengeru: Vijumba vingi havipo tena. Alama kubwa iliyobaki ni makaburi takriban 150, ndani ya eneo la chuo cha mifugo (LITA). Yamezungushiwa ukuta, yanatunzwa, na wageni kutoka Poland bado wanakuja kuyaona.
- Ifunda, Iringa: Kambi iligeuzwa shule ya ufundi, na leo ni sekondari ya ufundi.
- Nyabyeya, Masindi (Uganda): Kanisa walilojenga Wapoland miaka ya 1940 bado linasaliwa na wenyeji.

Umeona tofauti? Jengo lililopata kazi mpya au mtu wa kulitunza limepona. Lililoachwa limekwisha.

Sheria inasemaje?

Hapa ndipo penye shida. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. La baada ya hapo linahitaji waziri mwenye dhamana alitangaze rasmi. Bila tangazo hilo, mwenye jengo akiamua kubomoa, sheria hii haimzuii.

Inatuhusu nini Simiyu?

Mkoa wetu ulianzishwa 2012, kwa hiyo ujenzi ni mwingi: ofisi, barabara, maduka. Majengo yetu mengi ya zamani, kama viwanda vya kuchambua pamba, makanisa ya misheni, maduka ya enzi za ukoloni na shule za kwanza, ni ya baada ya 1863. Yako kwenye kundi lile lile la Tengeru.

Si lazima yote yawe makumbusho. Kiwanda cha pamba kilichofungwa kinaweza kuwa ghala, karakana au ukumbi, na bado kikabaki na historia yake.

Ufanye nini?

Kama kwenu Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima au Busega kuna jengo la aina hiyo, lipige picha leo, kisha waulize wazee lilijengwa lini, na nani, kwa kazi gani. Peleka maelezo hayo kwa ofisa utamaduni wa halmashauri. Fanya hivyo kabla greda halijafika, maana likishafika kitakachobaki ni hizo picha tu.