Elektroni Ndani ya Chuma cha Tshopo

Kwa Watopoke, Walokele na Waturumbu, ukishuka Mto Kongo kutoka Kisangani, mkoani Tshopo, mahari ya zamani ilihesabiwa kwa chuma. Kila kipande kiliitwa liganda: bapa jembamba lenye umbo la mkuki, vingine vikizidi urefu wa mita moja na nusu. Havikuwa vya kupigania. Vilikuwa mali.

Uhunzi wa Afrika ya Kati ulianzia kwenye mawe mekundu. Ndani ya mawe hayo kila atomu ya chuma imepokonywa elektroni tatu, na oksijeni iliyozichukua haiziachii kirahisi. Wahunzi walipakia mawe na makaa kwenye tanuri la udongo, wakavukuta mpaka joto likapita nyuzi 1,100. Makaa yakiungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksidi. Gesi hiyo ndiyo iliyokirudishia chuma elektroni zake, ikaondoka na oksijeni. Hewa ikizidi, gesi huungua yote na chuma hakipatikani. Kwa hiyo mvukutaji alihitaji ujuzi kuliko nguvu za mikono. Hiyo ni kemia kamili, na inastahili kufundishwa hivyo katika shule zetu. Elektroni yenyewe ilikuja kutambuliwa baadaye, na mwanafizikia J. J. Thomson kule Cambridge mwaka 1897.

Kisha ikaja reli. Kati ya 1903 na 1906 kampuni ya reli ya CFL ilitandika kilomita 125 kutoka Stanleyville, Kisangani ya leo, hadi Ponthierville, sasa Ubundu, ili kuyakwepa maporomoko ya mto. Chuma kililetwa kutoka Ulaya kikiwa tayari, na msitu ukaanza kukidai. Reli ikilowa, atomu za chuma huachia elektroni. Hizo hupita ndani ya chuma chenyewe hadi pale zinapopokelewa na oksijeni iliyo majini. Kinachobaki ni kutu, na huku mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Kutu hubanduka magamba, chuma kipya kikabaki wazi, kazi ikaanza upya.

Tofauti na reli, mabati ya nyumba zetu yanalindwa na zinki, ambayo huachia elektroni upesi kuliko chuma. Bati likikwaruzwa, zinki ya pembeni huliwa kwanza. Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya njia hiyo mwaka 1837, miaka sitini kabla ya Thomson. Lakini zinki nayo huisha, hasa kwenye kingo zilizokatwa na matundu ya misumari, na hapo ndipo fundi anapaswa kuanza kupaka rangi.