Leseni ya Shilingi Tano

Basi likipinduka mahali popote Tanzania, kabla majeruhi hawajafikishwa hospitali huwa tayari kuna mtu kijiweni ameshatoa hukumu: "Dereva huyo leseni yake ya kununua." Ushahidi hana, na hakuna anayemdai. Kauli hiyo inajitosheleza. Ndani yake kuna imani kwamba kule magari yalikotoka leseni ilikuwa kitu cha kutolewa jasho tangu mwanzo, na kwamba sisi tulipoipokea ndipo tukaitia sokoni.

Historia haikubaliani na kijiwe. Waingereza, hao waliotuachia kuendesha kushoto, walinunua leseni zao kwa miaka 31. Si baadhi yao, wote, na kwa mujibu wa sheria. Sheria ya magari ya mwaka 1903 ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1904, na ilimtaka dereva awe na leseni. Ili kuipata ulihitaji mambo mawili: uwe umefikisha miaka 17, na uwe na shilingi tano. Hakuna aliyekuuliza kama unajua breki iko wapi. Ukilipa, umekuwa dereva.

Wala haikuwa kwamba hatari ilikuwa haijajulikana. Tarehe 17 Agosti 1896, Bridget Driscoll, mama wa miaka 44, alikuwa akitembea na binti yake kwenye viwanja vya Crystal Palace, London. Gari lililokuwa likiwazungusha watu kwa maonyesho likamgonga, naye akafa. Dereva alieleza kwamba alikuwa akienda maili nne kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayewahi daladala bila kukimbia. Alipiga kengele, akapiga kelele, lakini gari halikusimama. Inaelezwa kwamba alikuwa na wiki tatu tu tangu aanze kuendesha. Uchunguzi wa kifo ukaamua kwamba ilikuwa ajali, basi. Anatajwa kuwa mtu wa kwanza anayetembea kwa miguu kuuawa na gari la petroli Uingereza.

Namfikiria sana huyo dereva. Kengele alikuwa nayo, sauti alikuwa nayo. Alichokosa ni kusimama.

Ng'ambo ya bahari, Wafaransa walishalifikiria jambo hilo. Mwaka 1893, miaka mitatu kabla Bridget Driscoll hajafa, mkuu wa polisi wa Paris alitoa amri kwamba hakuna kuendesha gari mjini bila cheti cha uwezo, na cheti kilipatikana kwa kupimwa. Mwaka 1898 duchesi wa Uzès alifaulu mtihani huo, akawa mwanamke wa kwanza Ufaransa kufanya hivyo. Miezi michache baadaye akatozwa faini kwa mwendo kasi katika msitu wa Boulogne: kilomita 15 kwa saa mahali palipotakiwa 12. (Kwa hiyo mtihani hauzuii kila kitu.) Mwaka 1900 Mwingereza Vera Hedges Butler alisafiri hadi Paris kufanya mtihani wa udereva, kwa sababu kwao haukuwepo. Alivuka bahari kwenda kutafuta mtu wa kumpima.

Kwa nini Uingereza ilichelewa hivyo? Maoni yangu ni haya: tazama nani alikuwa na gari na nani alikuwa akitembea. Mwenye gari mwaka 1903 alikuwa bwana mkubwa, mwenye ardhi, mwenye jamaa bungeni. Kumweka kwenye kiti cha mtahiniwa, mtumishi wa serikali mwenye mshahara mdogo akae pembeni yake na kumwambia "Mheshimiwa, umefeli", lilikuwa jambo gumu hata kulifikiria. Aliyekuwa akitembea hakuwa na jamaa bungeni.

Kilichobadilisha mambo ni hesabu ya maiti. Mwaka 1934 barabara za Uingereza ziliua watu 7,343 na kujeruhi 231,603. Karibu nusu ya waliokufa walikuwa waenda kwa miguu. Na sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeondoa kabisa ukomo wa mwendo kwa magari madogo. Waziri wa uchukuzi, Leslie Hore-Belisha, alirudisha ukomo wa maili 30 kwa saa kwenye makazi ya watu na kuweka taa za njano kwenye vivuko, zile ambazo mpaka leo Waingereza huziita kwa jina lake. Akaleta pia mtihani. Machi 1935 ulianza kwa hiari, ili watu wasije wakafurika siku moja, na tarehe 1 Juni ukawa lazima kwa kila aliyeanza kuendesha tarehe 1 Aprili 1934 au baadaye. Ada ilikuwa shilingi saba na nusu. Vituo vya mtihani havikuwepo; mtahini na mtahiniwa walipeana miadi bustanini au stesheni ya treni. Katika mwaka huo wa kwanza walifaulu asilimia 63.

Waliokuwa wakiendesha tangu zamani hawakuguswa. Leseni zao za shilingi tano ziliendelea kuheshimiwa, na wengi walizeeka nazo bila kupimwa hata siku moja.

Hayo yote niliyasoma usiku, mchana nikijifunza udereva Morogoro. Gari la chuo lilikuwa na klachi ngumu kama mlango wa stoo, na mwalimu wangu alikuwa mzee asiyepandisha sauti. Wiki ya kwanza hakunifundisha kwenda, alinifundisha kusimama. "Mwanangu, kwenda hata mteremko unaweza kukufundisha," aliniambia. Tulipofika Msamvu akanielekeza kuzunguka kipilefti, kwamba anayetoka kulia ana haki ya kupita kwanza. Neno hilo, kipilefti, nimelitamka maisha yangu yote kama la kwetu, na sasa la kwetu ni kweli. Lakini asili yake ni amri ya Kiingereza iliyoandikwa kwenye kibao katikati ya mzunguko: baki kushoto. Watu wakasoma kibao wakadhani ndilo jina la mahali. Sheria ya Waingereza ilitufikia hivyo mara nyingi, kama kibao kilichosimikwa tayari, bila habari ya waliokufa ndipo kikawekwa.

Babu yangu aliupata udereva kwa njia nyingine. Miaka ya 1950 alikuwa tanboi kwenye lori la mkonge. Wazee husema tanboi ndiye aliyezungusha hendeli mbele ya injini mpaka iwake. Kwa babu kazi ilikuwa pia kufunga mizigo, kuweka kigingi nyuma ya tairi mlimani, na kutazama. Alitazama miguu ya dereva kwa miaka minne. Alipopelekwa kupimwa alitakiwa arudishe lori kinyumenyume katikati ya mapipa mawili, Mzungu akiwa amesimama na karatasi. Alifaulu, na mshahara wake ukapanda. Kwa bwana wa 1903 leseni ilikuwa stakabadhi ya mali aliyokwisha kuwa nayo. Kwa babu ilikuwa ajira, ada ya shule ya baba yangu, na bati la nyumba. Hakuwahi kuiita karatasi. Aliiita "kazi", kama vile: "Naomba mnitafutie kazi yangu, niliiweka kwenye koti."

Siku yangu ilipofika tulikuwa kumi na wawili chini ya mwembe, kila mmoja na faili lake. Askari wa usalama barabarani aliingia, nikasema shikamoo afande, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alama za barabarani, nikajibu. Mlima, hendibreki, gari halikurudi nyuma. Kuegesha, sawa. Kisha, tukiwa kwenye barabara tupu, nikiwa gia ya tatu na nimeanza kujisikia dereva, akapiga kofi juu ya dashibodi: "Mtoto!"

Hakukuwa na mtoto. Nilikanyaga breki na klachi kwa pamoja, gari likasimama, faili lake likaanguka miguuni. Akaliokota, akalifuta vumbi, akaandika. "Endelea," akasema. Nilikuwa nikitetemeka magoti, na sikumfikiria yeye wala leseni. Nilimfikiria Bridget Driscoll na ile kengele.

Nilifaulu. Nikalipia, nikapigwa picha, nikatoa alama za vidole, nikapewa kadi.

Na mtihani wenyewe, hata huko ulikozaliwa, haukuwa kitu kisichogusika. Vita vilipoanza mwaka 1939 uliahirishwa, ukarudi Novemba 1946. Mwishoni mwa 1956, mzozo wa mfereji wa Suez ulipokausha petroli, uliahirishwa tena hadi Aprili 1957. Watahini wakapewa kazi ya kusimamia mgao wa mafuta, na wanafunzi wakaruhusiwa kuendesha peke yao bila mtu wa kuwasimamia. Serikali ilipobanwa, kitu cha kwanza kuwekwa kando kilikuwa yule mtu wa pembeni mwenye faili.

Rafiki yangu mmoja alipata kadi yake mwezi ule ule kama mimi. Hakukaa chini ya mwembe wowote. Njia aliyopitia sitaieleza. Siku moja tuliziweka kadi zetu juu ya meza ya mgahawa, tukazigeuza huku na huku kama watoto wanaolinganisha picha. Rangi ile ile, daraja lile lile, muda wa kuisha karibu ule ule. Akacheka akasema nilijitesa bure.

Tulipotoka alinipa lifti. Anaendesha vizuri, lazima niseme. Anabadilisha gia kwa ulaini kuliko mimi. Tulipokaribia kivuko cha shule, mguu wangu wa kulia ukakanyaga sakafu mahali ambapo, upande wa abiria, hakuna breki.